Kutoka mizinga ya Salale hadi kebo ya konsoli Kibiti

Alfajiri ya tarehe 6 Julai 1915, manowari mbili ndogo za Kiingereza, Severn na Mersey, ziliingia mlango wa Kikunja katika delta ya Rufiji. Zilikuwa zikiitafuta Königsberg, meli ya vita ya Kijerumani iliyojichimbia ndani ya mikoko tangu Septemba ya mwaka uliotangulia. Zilipiga karibu kutwa nzima. Makombora yalirushwa kwa mamia, yaliyopata yakawa ya kuhesabu kwa vidole, na jioni zikarudi baharini, Mersey ikiwa imebeba maiti za mabaharia wake.

Mizinga haikuwa na kasoro. Wapigaji hawakuiona shabaha yao, kwani ilikuwa kilomita kama kumi mbele yao, nyuma ya miti. Macho yao yalikuwa ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia: mtazamaji huko juu aliangalia kombora limedondoka wapi, kisha akapeleka masahihisho chini kwa redio, kwa alama za Morse, herufi baada ya herufi. Shida ni kwamba manowari zote mbili zilipiga kwa pamoja. Aliye angani hakujua kombora hili ni la nani, na aliye chini hakuwa na hakika kama sahihisho hili anaambiwa yeye au mwenzake.

Tarehe 11 Julai walirudi na utaratibu mwingine: mmoja apige, mwingine anyamaze. Severn ilitia nanga ikaanza peke yake. Rubani John Cull na mtazamaji wake Harwood Arnold waliisogeza shabaha kidogo kidogo mpaka makombora yakaanza kutua juu ya meli. Ndege yao ikapigwa, injini ikafa, na Arnold aliendelea kupeleka masahihisho huku wakishuka kuelekea majini. Mchana ule Kapteni Max Looff akaamuru Königsberg ilipuliwe na watu wake mwenyewe.

Habari hii imesimuliwa mara nyingi kama kisa cha ujasiri, na ujasiri ulikuwepo pande zote mbili. Fundi wa mitambo ya mawasiliano akiisoma leo ataona kitu kingine anachokijua vizuri: njia ni moja, herufi zinapita kwa foleni, na wasemaji wawili wakisema pamoja hakuna anayesikika. Ndicho kinachompata kijana aliyetoka Kibiti mjini kwa bodaboda hadi kwenye kibanda cha mitambo kando ya barabara ya Lindi, akachomeka kebo yake ya konsoli kwenye ruta, akaona skrini nyeusi isiyoandika hata nukta. Mara nyingi ruta ni nzima. Pini ya kupeleka ya laptopu imeunganishwa na pini ya kupeleka ya ruta. Wote wanasema, hakuna anayesikiliza.

Waya wa pwani

Pwani yetu ilikuwa imezoea nyaya kabla ya vita hivyo. Mwaka 1879 kampuni ya Eastern and South African Telegraph ililaza kebo chini ya bahari kutoka Aden, kupita Zanzibar na Msumbiji, hadi Durban. Vita vya Waingereza na Wazulu vya mwaka ule ndivyo vilivyoharakisha kazi, maana habari za kipigo walichopata Waingereza kule Isandlwana zilichukua kama wiki tatu kufika London. Mwaka 1890 Bagamoyo na Dar es Salaam zikaungwa na Zanzibar, na baadaye Wajerumani wakasimamisha nguzo za waya kuteremka pwani ya kusini, Kilwa hadi Lindi. Hakuna nguzo iliyosimamishwa kwa ajili ya mkulima wa mpunga wa Rufiji. Zilikuwa nyaya za boma, za kodi na za askari.

Vita vilipofika, mawasiliano yakawa shabaha ya kwanza. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari Astraea ilikipiga kituo cha redio cha Dar es Salaam. Septemba 20 Königsberg ikaizamisha Pegasus pale Zanzibar, kisha mitambo yake yenyewe ikaharibika, ikarudi kujificha Rufiji. Sehemu za boila zilipakiwa kwenye sleji za mbao na Waafrika wakaziburuta kwa mikono hadi Dar es Salaam kutengenezwa, na zikaburutwa tena kurudi. Majina ya waliovuta kamba hizo hayamo katika vitabu vinavyomtaja kila luteni.

Ndani ya delta Wajerumani walitandaza waya wa simu kati ya vituo vyao vya ulinzi na meli, chini ya afisa aitwaye Werner Schönfeld. Watazamaji walikaa juu ya miti na kuelekeza mizinga ya Königsberg. Katika mapigano ya Julai 6 watu wa Severn waliliona jukwaa moja la namna hiyo mtini, wakalipiga, na tangu hapo mizinga ya Kijerumani ikapungua shabaha. Kila upande ulikuwa unategemea mtu mmoja aliye juu na njia moja nyembamba ya kumsikia.

Cha kuchekesha ni kwamba siri ya maficho haikuvuja kwa waya wala kwa redio. Oktoba 1914 manowari Chatham iliikuta meli ya Kijerumani Präsident karibu na Lindi, na ndani yake zikapatikana karatasi zilizoonyesha kuwa matishari ya makaa yametumwa Salale. Karatasi tu. Tarehe 30 ya mwezi huo huo Königsberg ikaonekana.

Laini isiyolala

Morse inataka sikio la mtu. Nukta ni fupi, mstari ni mrefu, herufi nyingine ina alama moja na nyingine ina nne, na mashine ya zamani haikuweza kukisia herufi imeishia wapi. Mfaransa Émile Baudot, mfanyakazi wa telegrafu, alilitatua hilo mwaka 1874 kwa kuipa kila herufi alama tano zenye urefu sawa, kila moja ikiwa ndiyo au siyo. Jina lake ndilo lililobaki kwenye kipimo cha kasi tunachokiandika hadi leo, baud.

Lilibaki tatizo moja: mpokeaji atajuaje kwamba herufi imeanza? Jawabu lililopatikana mwanzoni mwa karne ya 20 ni werevu mtupu, na ningependa msomaji alishike kwa sababu kila kebo ya konsoli inalibeba. Laini isiyo na ujumbe haikuachwa bila umeme. Ilipitisha mkondo muda wote. Mtumaji alipotaka kuanza aliukata mkondo kwa muda wa alama moja. Mkato huo ulikuwa hodi. Zikafuata alama tano za herufi, kisha mkondo ukarudi kuonyesha kwamba herufi imekwisha. Mashine ya pili haikuhitaji saa inayokwenda sawasawa na ya kwanza kutwa nzima. Ilitosha zikubaliane kasi, na zihesabu kwa usahihi muda wa herufi moja tu, kisha zisubiri hodi nyingine. Faida ya pembeni ilikuwa kubwa: waya ukikatika porini, mkondo unapotea na mashine inajua mara moja.

Hivyo ndivyo teleksi zilivyofanya kazi, nazo ndizo zilizobeba biashara ya Afrika Mashariki kwa miongo, kuanzia bei za korosho hadi hati za meli, kwanza chini ya shirika la posta na simu la Jumuiya ya Afrika Mashariki, na baada ya jumuiya hiyo kuvunjika mwaka 1977, chini ya Shirika la Posta na Simu Tanzania. Kasi ya kawaida ya teleksi ilikuwa baud 50. Kila herufi ilichukua alama saba na nusu ukihesabu hodi na kuaga, kwa hiyo zilipita chini ya herufi saba kwa sekunde. Mtu angeweza kuusoma ujumbe kadiri unavyochapwa.

Mei 1960 Jumuiya ya Viwanda vya Elektroniki ya Marekani, EIA, ikatoa mwongozo uliopewa jina la RS-232. Lengo lake lilikuwa dogo: kuunganisha mashine ya kuchapia na modemu, basi. Badala ya mkondo ukatumika msukumo wa umeme. Moja ni volti hasi, kati ya 3 na 15. Sifuri ni volti chanya, kati ya 3 na 15. Katikati hapana maana. Laini ikinyamaza inakaa kwenye hasi. Ile desturi ya teleksi ya kutoulaza waya ikahamia humo nzima nzima, na toleo la mwaka 1969, RS-232-C, ndilo lililoenea dunia nzima.

Kutokana na desturi hiyo fundi amepata kipimo rahisi kuliko vyote. Umepewa kifaa usichokijua, hakina kitabu, plagi yake ina pini tisa. Kiwashe, gusisha mita ya volti kati ya pini ya ardhi na zile mbili zinazoshukiwa kuwa za data. Inayosoma volti hasi, tuseme hasi 6 au hasi 9, ndiyo inayosema. Ile iliyo karibu na sifuri inasikiliza. Fanya hivyo upande wa pili pia, kisha unganisha msemaji na msikilizaji, msikilizaji na msemaji, ardhi na ardhi. Nyaya tatu. Kazi inayowashinda wengi kwa kutwa inaisha kabla chai haijapoa.

Pini 25, pini 9, pini 8

Plagi ya awali ilikuwa na pini 25, na ndipo fujo ilipoanzia. Pini 2 iliitwa ya kupeleka, 3 ya kupokea, 7 ya ardhi. Lakini majina hayo yalitolewa kwa kutazama kutoka upande wa kompyuta. Modemu nayo ina pini 2 inayoitwa ya kupeleka, na hapo yenyewe inasikiliza. Kwa hiyo kompyuta na modemu ziliungwa kwa kebo iliyonyooka, pini kwa pini. Kompyuta na kompyuta nyenzake zilihitaji kebo inayopishana, 2 kwenda 3 na 3 kwenda 2. Nyingine zilitaka zaidi ya hapo: pini 4 na 5 za kuombana ruhusa ya kusema, 6, 8 na 20 za kuthibitishiana kwamba mwenzako yuko macho. Mashine isiyopata uthibitisho huo ilikaa kimya hata kama nyaya za data ziko sahihi. Mafundi walizoea kuidanganya kwa kuunganisha pini zake zenyewe ndani ya plagi, ijione imejibiwa.

Mwaka 1984 IBM ikatoa kompyuta yake ya AT yenye plagi ndogo ya pini 9, ili kuokoa nafasi. Katika plagi hiyo, 2 ni ya kupokea na 3 ni ya kupeleka. Kinyume cha ile ya pini 25. Ardhi ikahamia 5. Sijui kama kuna uamuzi mwingine wa kiufundi uliopoteza saa nyingi za mafundi kuliko huo. Ukitengeneza kebo ya kutoka pini 9 kwenda pini 25 kwa modemu, unaunganisha 2 na 3, 3 na 2, na bado unaiita iliyonyooka.

Miaka ya 1990, Dar es Salaam ilipoanza kutuma barua pepe kwa modemu za simu, na baadaye intaneti yenyewe ilipofika, kebo za aina hii zilikuwa kwenye kila meza ya fundi. Mwaka 1994 Shirika la Posta na Simu liligawanywa, TTCL ikazaliwa, na kampuni na mabenki yakaanza kukodi laini za kudumu. Hapo ikaingia kebo nyingine, nene, ya V.35, yenye plagi kubwa ya pini 34, iliyounganisha ruta na modemu ya laini ya kilobiti 64. Hiyo haikutumia hodi. Ilikuwa na nyaya zake za saa, na lazima upande mmoja tu utoe saa. Kebo yenyewe ndiyo iliyoiambia ruta iwe upande gani. Ukinunua ya upande usio wako, plagi itaingia vizuri kabisa, taa zitawaka, na hakuna kitakachopita.

Watengenezaji wa ruta na swichi walipotaka nafasi zaidi mbele ya mitambo yao waliacha pini 9 na kuchukua soketi ya pini 8, ile ile inayofanana na ya waya wa kawaida wa mtandao. Mwaka 1987 Mmarekani Dave Yost alikuwa ameshapendekeza mpangilio mzuri wa pini 8: kila kifaa kiwe na soketi yenye mpangilio mmoja, na kebo moja inayogeuza pini zote iunganishe chochote na chochote. Cisco ilitumia wazo la namna hiyo. Kebo yake bapa ya buluu mpauko inapeleka 1 kwenda 8, 2 kwenda 7, 3 kwenda 6, 4 kwenda 5, na hivyo hivyo kurudi. Kwenye soketi ya ruta, 3 inasema, 6 inasikiliza, 4 na 5 ni ardhi. Kebo ikishageuza, kila kitu kinakaa mahali pake. Ni mpangilio wa kupendeza, na laiti wote wangeufuata. Hawakuufuata. Soketi za pini 8 za kampuni mbalimbali zinafanana kama mapacha na ndani kila moja ina mpangilio wake.

Hapo ndipo hatari ilipo. Aina fulani maarufu ya UPS ina soketi ya pini 9 isiyofuata mpangilio wa kawaida. Ukiichomekea kebo ya kawaida, inaitafsiri kuwa amri ya kuzima, na mitambo yote iliyo nyuma yake inalala papo hapo. Kuingia kwa plagi si ruhusa ya kuichomeka.

Ndundu, daraja, mkongo

Wanaokumbuka kivuko cha Ndundu wanaijua serial, yaani kupita mmoja mmoja katika njia moja, bila kufundishwa. Malori, mabasi na pikipiki yalipanga foleni ukingoni mwa Rufiji, yakavuka kwa zamu, na foleni ikawa ndefu kadiri mto ulivyojaa. Agosti 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa, mita 970, na barabara ya kusini ikabadilika. Wakati huo Kibiti ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Rufiji. Ilikuja kuwa wilaya yake katika miaka ya 2010, ikichukua Nyamisati, Salale, Mbuchi na sehemu kubwa ya delta.

Barabara ikaleta nyaya. Bomba la gesi ya Songo Songo lilianza kupeleka gesi Ubungo mwaka 2004, likipita ukanda huu, na mwaka 2015 likafuata bomba kubwa kutoka Mtwara. Mitambo ya vituo vya mabomba ya aina hiyo, popote duniani, husemezana kwa lugha kama Modbus, iliyotungwa mwaka 1979, na kwa nyaya za RS-485, ndugu mdogo wa RS-232. Julai 2009 kebo ya baharini ya SEACOM ilifika Dar es Salaam, mwaka uliofuata ikaja EASSy, na miaka hiyo hiyo serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, zaidi ya kilomita 7,500 za nyuzi za kioo, tawi moja likifuata barabara ya kusini kupitia Kibiti kuelekea Lindi na Mtwara.

Sasa msomaji ana haki ya kuuliza. Uzi wa kioo unabeba mabilioni ya biti kwa sekunde. Kebo ya konsoli kwa kawaida inakwenda kwa 9,600, yaani herufi 960 kwa sekunde. Kwa nini kitu hiki kizee bado kimo kwenye begi la kila fundi?

Jibu liko kwenye siku mbaya. Ruta mpya kutoka kwenye boksi haina anwani, kwa hiyo haifikiki kwa mtandao. Ruta iliyokosewa mipangilio usiku imejifungia nje. Iliyopoteza programu yake baada ya umeme kukatika haijui hata kwamba kuna mtandao. Katika hali zote hizo mlango uliobaki ni mmoja, ule usiotegemea kitu chochote zaidi ya nyaya tatu na makubaliano ya kasi. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika zote kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania nzima ikaona intaneti ikidorora. Siku nane kabla yake Kimbunga Hidaya kilikuwa kimepiga ukanda wa Mafia na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi, na mwezi uliotangulia maji ya Rufiji yalikuwa yamefunika mashamba na nyumba za Kibiti na Rufiji. Aliyefika kituoni majira yale alifika kwa shida. Akiwa na kebo isiyo sahihi, alirudi kwa shida vile vile.

Kuitengeneza mwenyewe

Laptopu ziliacha kuwa na soketi ya pini 9 karibu katikati ya miaka ya 2000. USB, iliyotoka mwaka 1996, ilishika nafasi, na kati ya laptopu na ruta kikaingia kibadilishi chenye chipu ndogo. Chipu bandia zikajaa masokoni dunia nzima, na Kariakoo haikusalimika. Mwaka 2014 kampuni ya FTDI ilitoa programu kupitia masasisho ya Windows iliyozifanya chipu zilizoiga zake zisitambulike tena na kompyuta. Watu walionunua vifaa vyao kwa nia njema wakajikuta na plastiki mkononi. Kelele zilikuwa kubwa na kampuni ikarudi nyuma. Ukinunua kibadilishi, kijaribu dukani: unganisha pini 2 na 3 za plagi yake kwa kipande cha waya, fungua programu ya terminali, andika neno. Likirudi kwenye skrini, kinasema na kinasikia. Ukitoa ule waya neno lisirudi tena, umethibitisha kwamba hukuwa unaonyeshwa mwangwi wa programu.

Kuhusu kebo yenyewe, fundi wa Kibiti mwenye koleo la kubania na kipande cha waya wa mtandao anaweza kutengeneza kebo ya konsoli kwa gharama ndogo kuliko nauli ya kwenda kuinunua Dar es Salaam. Ila aangalie jambo linalowapita wengi. Katika waya wa mtandao, rangi zimesokotwa kwa jozi, na ukifuata mpangilio wa kawaida wa rangi, pini 3 na 6 ni jozi moja. Katika kebo ya konsoli hizo ndizo data zenyewe, kupeleka na kupokea, zimesokotwa pamoja kama kamba, kwa hiyo kila moja inaingilia sauti ya mwenzake. Kwa mita mbili au tatu hutaona tofauti. Kwa mita nyingi herufi za ajabu zinaanza kujitokeza. Afadhali kupeleka iwe na waya wa ardhi katika jozi yake, na kupokea iwe na wa ardhi katika jozi nyingine. Rangi zitaonekana za kihuni machoni mwa mkaguzi, lakini kebo itafanya kazi.

Mwongozo wa zamani ulitaja mita 15 kuwa mwisho wa RS-232. Kwa kasi ndogo na waya mzuri unaweza kuzidi hapo. Ila usivuke kutoka jengo moja kwenda jingine kwa RS-232. Jengo moja likiwa na jenereta na jingine sola, ardhi zao hazilingani, na tofauti hiyo hupita kwenye waya wako mwembamba wa ardhi. Radi ya masika ikipiga jirani, soketi za pande zote mbili zinaungua. RS-485 inatumia nyaya mbili zilizosokotwa na kusoma tofauti kati yake, hivyo inafika mita 1,200 na inavumilia kelele. Ongezea kitenganishi cha mwanga katikati. Na usidhani kila pini tatu zilizojitokeza kwenye bodi ya kifaa ni RS-232: nyingi ni za volti 3.3 au 5, na volti hasi 12 ikiingia humo, bodi imekwenda.

Hewa ya chumvi ya delta ina kazi yake pia. Pini za bei rahisi zinaota kutu katika misimu michache tu, na kebo iliyofanya kazi mwaka jana inaanza kukatakata. Plagi iliyopakwa dhahabu inagharimu zaidi, na kwa vituo vya Nyamisati na Mbuchi naona ni fedha iliyotumika vizuri. Kwa kituo cha ndani ya Kibiti mjini, chenye kiyoyozi, si lazima.

Kwa wanaosimamia vituo kuanzia Mbagala hadi Mtwara, ombi ni dogo. Wekeni ndani ya mlango wa kila kabati kebo moja iliyopimwa, na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu isiyofutika: pini ipi inasema, ipi inasikiliza, ipi ni ardhi, kasi ni ngapi. Ifanyike kabla ya masika, wakati barabara bado inapitika.